Bi Mashavu Apandishwa Cheo

Jamhuri ya Matamvua haimo katika ramani nyingi. Wenyewe husema ni wivu wa wachora ramani. Ni nchi nzuri, yenye misimu miwili ya mvua na mawaziri sitini na wawili, na kila waziri ana jambo lake, hata yule wa Vivuli na Majani Makavu, ambaye wakati wa kiangazi huwa na kazi nyingi kuliko wenzake wote.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Ghala la Chumvi, aliishi mzee aliyeitwa Sudi Ngwali. Mzee Sudi hakusoma mchana. Mchana wa ujana wake alibeba magunia ya chumvi. Jioni alinawa, akavaa shati jeupe, akaenda Chuo cha Jioni cha Hatimkato na Upigaji Chapa. Hatimkato, kwa wasioijua, ni yale maandishi ya makarani wa zamani, vijistari na ndoano na nukta, ambayo kwayo mtu aliweza kunasa hotuba ya saa nzima huku mhutubu akidhani anachorachora tu. Siku hizi kuna mashine za kunasa sauti, na asiyefika chuo kile haisomi hata umpige fimbo. Mzee Sudi alifaulu. Cheti chake alikitia kwenye fremu, akakitundika sebuleni, na mgeni hakupewa chai kabla hajakisoma.

Chuoni hapo ndipo alipompata Mashavu. Binti huyo aliandika maneno mia na arobaini kwa dakika na bado akabakiwa na nafasi ya kumcheka Sudi, aliyeandika tisini. Wakaoana. Wakakaa miaka arobaini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna siku Mzee Sudi alimaliza kusema jambo kabla mkewe hajalimaliza kwa niaba yake.

*

Wahitimu wa chuo hicho walikuwa na karatasi yao, moja tu, mbele na nyuma, waliyoiita Wenzetu. Kila mwisho wa mwaka waliandikiana humo habari za maisha: nani kaoza binti, nani kahama, nani kafiwa, nani anauza cherehani. Aliyefiwa alijua kwamba kabla karatasi haijakunjwa wenzake watakuwa wameshafika na mikeka kwapani, maana ndiyo desturi. Mtu akipatwa na msiba huketiwa tanga, watu hukaa chini pamoja naye, humpa pole naye hujibu, na hapo ndipo huzuni huanza kuokota miguu yake iende zake.

Kisha Mtukufu Rais alisafiri ng'ambo, akatembezwa chuo kimoja, akasikia kwamba wahitimu wa huko hupashana habari za maisha yao. Jambo hilo likampendeza. Na katika Matamvua, jambo likimpendeza Mtukufu Rais jioni, asubuhi huwa ni wizara.

Ikaundwa Wizara ya Wahitimu na Maisha Yao. Ikaichukua ile karatasi, ikaivisha jalada linalong'aa, ikatunga kanuni. Iliyosifika zaidi ni Kanuni ya Nne, isemayo kwamba habari ya mhitimu ya mwaka huu isiwe chini ya habari yake ya mwaka jana. Waziri aliieleza vizuri sana redioni. Taifa linapanda, alisema, na taifa haliwezi kupanda huku watu wake wanashuka, kwa kuwa hapo watakutana katikati ya ngazi na kukwama. Kwa hiyo Fomu ya Maisha ikachorwa ngazi yenye vipandio kumi na viwili, na mhitimu akatakiwa kutia alama mahali alipofika, mradi pasiwe chini ya alama ya mwaka uliopita.

Ilikuwepo pia Kanuni ya Sita, juu ya habari mbichi. Habari mbichi ni ile inayotoka kwa mtu mwenyewe kwenda kwa mwenzake, kwa mdomo, kwa simu au kwa barua, bila kupikwa Wizarani. Adhabu yake ni miaka miwili. Ili kumwepusha mhitimu na kishawishi hicho, Wizara ilikusanya anwani za wahitimu wote na namba zao za simu, ikawapa mpya, kisha ikazifungia kabatini.

Mzee Sudi hakuona kasoro. Alipenda mambo yenye fomu. Mwaka wa kwanza wa jalada la kung'aa alisoma kwamba rafiki yake Farijala, aliyekuwa akikaa dawati la nyuma yake, “amepatiwa kifaa cha kisasa cha kumsaidia mwendo.” Alisoma pia kwamba Bi Sikudhani, shoga mkubwa wa Mashavu, “amehamia makazi ya wazi yenye hewa safi pande zote nne.” Mzee Sudi akakohoa, kisha akamsomea mkewe mara mbili.

“Pande zote nne?” Bi Mashavu akauliza. “Nyumba yenye hewa pande zote nne, kuta zake ziko wapi?”

Mzee Sudi akamwambia aache husuda. Akajaza kadi ya pongezi, akampelekea Bi Sikudhani kupitia Wizarani, na kwa hati yake nzuri akaongeza kwamba naye angependa makazi kama hayo siku moja.

*

Mwaka wa saba wa jalada hilo, mwezi wa tatu, siku ya Jumatano, Bi Mashavu alikuwa akimenya viazi. Alisema amechoka kidogo, akaenda kujinyoosha, hakuamka tena. Viazi vitatu vilikuwa vimeshamenywa.

Majirani walimzika, wakatandika mikeka. Lakini wenzao wa chuoni, waliomjua Mashavu tangu ni msichana wa misuko miwili, hawakuwa na habari. Mzee Sudi, akiwa mtu wa kufuata utaratibu, aliamka siku ya pili ya msiba, akavaa shati jeupe, akaenda Wizarani kujaza fomu ili waambiwe waje.

Alipokewa na Bwana Mkunde, Afisa Habari Mwandamizi Daraja la Pili, kijana mwenye adabu na peni tatu mfukoni, moja ya kuandikia na mbili za cheo. Akaisoma fomu, akaigeuza, akaisoma tena.

“Mzee wangu, hii haitapita.”

“Kwa nini isipite?”

“Inashuka. Mwaka jana uliandika mpo wawili nyumbani. Mwaka huu umeandika upo mmoja.”

“Si ndiyo habari yenyewe, mwanangu? Amekufa.”

Bwana Mkunde akatazama mlango, akashusha sauti kama mtu anayemsaidia jamaa yake. Akaeleza kwamba tangu jarida liwe la Wizara hakuna mhitimu hata mmoja aliyekufa. Ilikuwa ni fahari ya idara nzima, na Mtukufu Rais alikuwa ameitaja mara mbili mbele ya wageni. Wapo waliostaafu kupumua, wapo waliopata viwanja vya kudumu, lakini aliyekufa hakuna.

“Wewe niambie tu marehemu alipokwenda,” akasema.

“Kwa Mola wake. Atakwenda wapi pengine?”

“Juu?”

“Inshallah.”

Uso wa Bwana Mkunde ukachanua. Akachukua ile peni ya kuandikia, akaandika upesi kabla fikra haijampotea, akagonga muhuri. Mzee Sudi hakuwa amevaa miwani.

Siku ya tatu ya tanga ikatangazwa redioni, katika kipindi cha habari za wahitimu, kwamba Bi Mashavu Ngwali, mpiga chapa mstaafu, amepandishwa cheo na kuhamishiwa kituo cha juu kuliko vyote, na kwamba mumewe amebaki nyuma kusimamia ofisi ya nyumbani. Alasiri ileile mjumbe wa mtaa akaja kwa unyenyekevu mkubwa kuomba mikeka ikunjwe, kwa sababu kupanda cheo hakuna tanga. Yakaletwa viti. Saa kumi likaja kundi la matarumbeta, likampigia Mzee Sudi nyimbo tano, ya mwisho ikiwa ya kuchezea.

Baada ya hapo zikaanza kadi. Zilikuja kwa mafungu, zote zimepitia Wizarani, zote za wenzao wa chuoni. Hongera, Sudi, tulijua tu Mashavu atafika mbali. Hongera, mwambie asitusahau huko aliko. Ya Bi Sikudhani ilikuwa ndefu: alitaka kujua kama Mashavu amepewa chumba kizuri na kama anapata likizo.

Mzee Sudi alizipanga mezani, akazitazama siku nyingi. Kila alipotaka kulia, alisikia kama yuko mtu anayempongeza.

*

Mwezi wa nane ilifika Siku ya Kupanda, sherehe ya wahitimu wote. Uwanjani watu hukaa kwa vipandio vyao. Wa kipandio cha kwanza huketi chini kabisa, na kadhalika kwenda juu. Kwa kuwa hapajapata kutokea mhitimu wa kipandio cha kumi na mbili, ilibidi mafundi wamjengee Mzee Sudi jukwaa lake la mbao, refu kama mnara wa maji. Akapandishwa, akakalishwa kwenye kiti cha mahameli, na pembeni pakawekwa kiti kingine kitupu, cha Bi Mashavu.

Waziri akahutubu. Alisema kwamba nchi nyingine zinajivunia barabara na hospitali, lakini Matamvua inajivunia mke wa Mzee Sudi. Alisema mama huyu alianza na mashine ya kupigia chapa yenye herufi mbovu, na leo yuko mahali ambapo yeye Waziri mwenyewe, pamoja na uzoefu wake wote, bado hajafika. Watu wakapiga makofi. Waziri akaongeza kwamba ana imani naye siku moja ataitwa huko, na watu wakapiga makofi marefu zaidi, mpaka ikabidi awanyamazishe.

Mzee Sudi hakusikia nusu yake. Alikuwa akiwatafuta wenzake. Miaka ya nyuma aliketi miongoni mwa watu, akaona visogo tu; safari hii, kutoka kule juu, akajipinda mpaka kiti kikalia, akawaona, wadogo kama watoto. Alimwona Farijala. Farijala naye alimwona, akainua kifaa chake cha kisasa cha kumsaidia mwendo, akampungia kwa furaha. Kilikuwa gongo la mti wa mpera, limefungwa kitambaa kwapani, na mguu mmoja wa suruali ya Farijala ulikuwa mtupu kuanzia gotini.

Mzee Sudi akakaa wima. Akaanza kuyasoma upya, kichwani, majarida yote ya miaka sita. Aliyefungua bustani ya kupumzikia. Aliyeanza kuona mambo kwa macho ya ndani. Makazi ya wazi, hewa pande zote nne. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, akakumbuka, na Sikudhani alikuwa na nyumba ya udongo. Naye alikuwa amempelekea kadi.

Alitaka kupiga kelele kutoka juu ya mnara. Lakini hata kama wangemsikia, ingekuwa habari mbichi mbele ya Waziri, na wote watakaoisikia wangekuwa wameila pamoja naye.

*

Tuzo ya kipandio cha kumi na mbili ilikuwa ukurasa mzima katika toleo la mwezi wa kumi na moja, wenye picha ya Bi Mashavu. Bwana Mkunde alikuja mwenyewe nyumbani kupanga mambo. Maneno, alisema, yameshaandikwa na Waziri, ila mwenye ukurasa ana haki ya kuchagua pambo la ukingoni. Wizara ilikuwa na maua, simba, na minyororo ya shanga.

Mzee Sudi akauliza kama mtu anaweza kuchora pambo lake mwenyewe.

Bwana Mkunde akapekua kanuni, akasema hakuna palipokatazwa.

Basi Mzee Sudi akachonga penseli mbili. Kazi hiyo ilimchukua siku nne, kwa maana mkono ulikuwa umeshazoea kupumzika, na alitaka kila ndoano ikae kama alivyofundishwa. Alipoipeleka Wizarani, Bwana Mkunde aliitazama muda.

“Na hii ni nini, mzee?”

“Pambo, mwanangu. Mke wangu alikuwa hodari wa kazi hii kuliko mimi.”

Pambo likaenda kwenye Kamati ya Mapambo, watu kumi na saba. Mwenyekiti, aliyekuwa na shahada ya mambo ya kupanda, alipata wasiwasi kwamba baadhi ya mistari inaelekea chini. Wakabishana mpaka chakula cha mchana. Mjumbe mmoja akapendekeza karatasi igeuzwe, na ilipogeuzwa, ile mistari yote ikaonekana inapanda. Likapitishwa kwa kauli moja, kichwa chini miguu juu, na hivyo ndivyo lilivyopigwa chapa.

Juma lile wananchi wa Matamvua waliona jambo la kushangaza kidogo. Katika vibaraza, katika foleni za dawa, milangoni pa vinyozi, wazee kadha wa kadha walionekana wamelishika jarida la Wenzetu kichwa chini, wakilizungusha polepole kama usukani, wakisogeza midomo. Wajukuu wakasikitika. Walisema babu ameanza.

Maandishi yalizunguka ukurasa mzima, na yalisema hivi:

“Mashavu amefariki mwezi wa tatu, Jumatano, kwa maradhi ya moyo. Hakupandishwa. Kaburi lake lipo nyuma ya ghala la chumvi, nami nakaa hapohapo, nyumba ya mlango wa kijani. Farijala, niliuona mguu. Sikudhani, nisamehe kwa ile kadi. Miezi minane napongezwa. Sijapewa pole na mtu.”

*

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Sikudhani, Jumamosi saa nne asubuhi, mkeka kwapani, sukari kwenye kitambaa. Mzee Sudi alifungua mlango akamwona, na kabla hajatamka kitu, yule mama aliviondoa vile viti vya Wizara kimoja kimoja, akavitoa nje, akatandika mkeka wake sakafuni, akakaa.

“Pole, shemeji,” akasema.

Jibu la neno hilo linajulikana na kila mtu katika nchi ile, mtoto hufundishwa pamoja na shikamoo. Mzee Sudi alilitafuta. Halikuja, akaishia kutikisa kichwa.

“Usijali. Nitangoja,” akasema Bi Sikudhani. “Na ile kadi yako niliikasirikia wiki mbili. Nyumba imeniangukia, nalala chini ya mwembe wa jirani, halafu mwanamume mzima anaandika anatamani makazi kama yangu.”

“Nilidhani umefanikiwa.”

“Mashavu je? Naye alidhani?”

“Yeye aliuliza kuta ziko wapi.”

Bi Sikudhani akacheka mpaka akajifunika uso kwa upande wa khanga, na alipoufunua ulikuwa umelowa.

Farijala akaja na gongo lake. Sukari ilimla mguu, alieleza, na hospitali ikamaliza kazi. Akamtania Mzee Sudi kwamba kule juu ya mnara alifanana na korongo aliyesahau njia ya kushukia. Kufikia adhuhuri walikuwa kumi na mmoja. Sufuria ikawekwa jikoni. Kila mmoja alitoa habari yake, mbichi, kama ilivyotoka. Mmoja alikuwa kipofu. Mmoja mwanawe hajamsemesha miaka minne. Mmoja hakuwa na lolote baya, akaona haya kidogo, wakamwambia aseme tu hivyohivyo. Sauti zilipanda na kushuka, na kila iliyoshuka ilipata wa kuipokea.

Alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Mkunde, peke yake, bila matarumbeta, jarida mkononi. Kila mmoja wa wale kumi na mmoja akahesabu miaka miwili juu ya umri wake.

Akaamkia, akaitikiwa.

“Baba mkwe wangu alisoma chuo chenu,” akasema akiwa amesimama palepale kizingitini. “Tangu Alhamisi amelishika jarida kichwa chini na machozi yanamtoka. Nimemuuliza kuna nini, ananiambia ni pambo tu, limekaa vizuri.”

“Limekaa vizuri kweli,” akasema Farijala.

Bwana Mkunde akaendelea kwamba Wizarani yameletwa maombi ya wahitimu mia mbili na kumi, wote wa kile chuo cha jioni, wote wanataka pambo la ukingoni la mkono wao wenyewe. Waziri amefurahi mno, anasema sanaa imepanda. Na anayetakiwa kuyapitisha ni yeye, Mkunde.

“Mzee wangu, lile lako linasema nini?”

Bi Sikudhani alimshika Mzee Sudi mkono kumzuia. Mzee Sudi akautoa taratibu. Alikuwa mtu wa cheti, na hakupenda hati yake iitwe pambo mbele ya wataalamu. Akaomba jarida, akaligeuza, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata ukingo kona hadi kona, kwa mwendo wa mwalimu anayesomea darasa imla. Alisoma Jumatano. Alisoma hakupandishwa. Alipofika kwenye neno la mwisho, alilifunga jarida, akalirudisha kwa mwenyewe.

Kwa mazoea Bwana Mkunde akatoa Fomu ya Maisha mfukoni. Akaitazama ile ngazi, akawatazama watu waliokaa chini, akatafuta kipandio chao, asikione. Akaikunja.

“Na hayo maombi?” akauliza Farijala.

“Mapambo ni mapambo. Yatapita.”

Akavua viatu, akaviweka pamoja na vya wengine, akaingia. Farijala akasogeza gongo kumpa nafasi. Bwana Mkunde akakaa chini, magoti yakimpa taabu kama mtu ambaye hajakaa chini miaka mingi, na peni moja ikamdondoka mfukoni asiiokote.

“Pole, mzee wangu,” akasema. “Pole sana kwa kufiwa na mama.”

Mzee Sudi akafungua mdomo. Safari hii neno lilikuja lenyewe, zima, pamoja na sauti yake.

“Nimeshapoa, mwanangu.”